Swali la Shangazi Kabla ya Msitu

Duka la Ushonaji,
Mlango wa Bluu, Nyuma ya Kituo cha Mabasi,
S.L.P. 318.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na lile goti lako la kushoto limeacha kukuamsha alfajiri. Kikohozi cha mumeo kimeisha, au bado anakificha ili asipelekwe hospitali? Na wewe, unakula vizuri, au bado unakunywa chai kutwa nzima na kuiita chakula? Usinijibu kwa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nitamuuliza Bibi Mdogo, na yeye hajawahi kunificha kitu.

Sisi huku hatujambo. Mkweo Kinyozi ni mzima, mikono yake imara, mdomo wake haujapata likizo. Mimi macho yamepungua nguvu kidogo, siku hizi uzi unaingia kwenye sindano jaribio la tatu au la nne, lakini miguu ni mizima, na wiki hii miguu ndiyo ninayoihitaji.

Naandika leo kwa makusudi. Kesho mchana basi la chama chetu linaondoka, Ijumaa asubuhi mashindano ya msituni yanaanza, na Jumapili jioni yatakuwa yamekwisha. Barua hii itakufikia baada ya yote. Ningeweza kusubiri nikuandikie pamoja na matokeo, lakini sitaki uje ukadhani nakushukuru kwa sababu nimefaulu. Nakushukuru kabla sijajua lolote.

Yaliyonipata mwaka jana unayajua, ingawa barua zangu za wakati ule ziliyazungukazunguka kama paka na maji. Acha niyaandike mara moja kwa mkono wangu. Ni mashindano ya siku tatu. Kila siku unapewa ramani mpya, unaingia msituni peke yako na dira, unatafuta vituo vyenye vibendera vya rangi ya chungwa, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio, kila kituo unatoboa kadi yako, kisha unatoka upande wa pili. Mimi siku ya kwanza nilivipata vituo sita. Cha saba sikukiona, na baada ya hapo hata mimi sikuonekana. Watu arobaini walinitafuta. Mpishi wa kambi ndiye aliyenikuta, saa kumi na moja jioni, nimekaa juu ya gogo, upande ambao hakuna kituo hata kimoja.

Watu wote walikuwa wamechoka, kwa hiyo siku ya pili ya mashindano ikafutwa. Tangu hapo jina langu kwenye chama ni Siku ya Pili. Hata nikienda kununua mkate nasikia, "Siku ya Pili, hujambo?" Najibu sijambo, nacheka kwa meno, na njia nzima ya kurudi nyumbani nauma mdomo.

Lakini hilo la jina ningeweza kuishi nalo. Lililoniuma ni la nyumbani. Mume wangu Kinyozi alikuwa pale ukingoni mwa msitu siku ile, kwenye mstari wa kumalizia, amekuja kunipigia makofi. Tuliporudi alinikandia miguu kwa maji ya moto, akaninywesha uji, hakunigombeza hata kidogo. Alisema sentensi moja tu: "Ukitaka kwenda tena nenda, lakini mimi pale sisimami tena." Mwezi wa tatu nilipojiandikisha upya nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa akaendelea kunoa wembe. Mtu anayeongea na wateja kutwa nzima, kuhusu mvua, siasa na meno ya watoto wao, kuhusu msitu hakunipa neno. Shangazi, mimi nilitaka kurudi na kumaliza, lakini zaidi ya hapo nilitaka nikitoka kwenye ile miti nimkute amesimama pale pale.

Wengine walinitumia pole. Wewe ulinitumia dira yako, umeifunga ndani ya soksi ya sufu, pamoja na kazi ya kufanya. Nilipoifungua pale posta nilitambua mkwaruzo wa pembeni, na nikajua ni ile ile uliyopimia ardhi za watu kwa miaka thelathini. Nililia kidogo mbele ya karani. Akanipa risiti nijifutie.

Barua yako ya kwanza ilikuwa ya hatua. Ulisema nipime mita mia moja, nihesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga, ili msituni nijue nimekwenda umbali gani bila kubahatisha. Hukusema nipime kwa kitu gani, nami nina tepu ya kushonea yenye sentimita mia na hamsini. Niliinama mara sitini na saba kwenye uwanja wa mpira, vijana wa mazoezi wakidhani nimepoteza pete. Uwanjani nilipata hatua sitini na mbili. Msituni kwenye njia nikapata sabini na moja, na kwenye mlima themanini na nne. Nilikuwa sijui kabisa kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na hatua za namna tatu. Niliziandika kwa chaki ukutani, karibu na vipimo vya wateja, na mama mmoja aliyekuja kupima gauni akaniuliza kwa huruma ni nani mwenye kiuno cha themanini na nne.

Halafu ukanifundisha ile ya daraja. Kwamba nikilenga daraja moja kwa moja na nikalikosa, nitafika mtoni nisijue nigeuke kushoto au kulia. Bora nilenge kushoto kwa makusudi, nikifika mtoni nijue daraja liko kulia kwangu. Mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye kiongozi wetu, alikuwa ametueleza jambo hilo hilo kwa michoro na sikuelewa. Wewe uliliandika kwa mistari miwili, nikalielewa nikiwa bado nimesimama mlangoni na bahasha mkononi. Fundi hakati kitambaa juu ya mstari, anaacha nafasi ya mshono. Kumbe msituni ni hivyo hivyo.

Barua ya pili ilikuwa ya mavazi na mfuko, na hapo nilijiona niko nyumbani. Nimeshona suruali mbili za turubai jepesi, ndefu, miiba isipite, na juu ya paja nimeweka mfuko wa plastiki angavu niliokata kwenye pakiti za mashuka. Ramani inakaa humo, naisoma bila kuitoa, mvua hailowanishi. Mwalimu alipouona akataka na wake. Sasa nimeshona kumi na moja. Watu wanaoniita Siku ya Pili wataingia msituni na suruali zangu, na nimewaachia mishono myembamba kidogo makalioni. Nakutania, nimeishona vizuri.

Viatu sikununua vipya, kama ulivyoniagiza. Nimevaa vile vya zamani dukani mwezi mzima, nakanyagia cherehani navyo, mpaka vimeujua mguu. Nimefunga soksi jozi sita, plasta, mafuta ya kupaka visigino kabla havijaanza kuuma na si baada ya kuuma, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi kwa siku ya kwanza, karanga na ndizi kwa zilizobaki. Nimepima mfuko kwenye mizani ya muuza nafaka, nikatoa vitu, nikapima tena. Mara ya tatu muuza nafaka aliniuliza kama nahama.

Sasa nije kwenye barua ya tatu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Uliandika kwamba kabla sijaufunga mfuko niweke dira mezani, nisubiri mshale utulie, kisha nisogeze karibu yake kila kitu nitakachovaa au kubeba, kimoja kimoja, nione kama mshale unashtuka. Nilidhani ni mambo ya wapima ardhi, watu wa kukagua mpaka vifungo. Hata hivyo Jumapili, duka likiwa limefungwa, niliiweka dira katikati ya meza ya kukatia nikaanza. Miwani, hakuna kitu. Mkanda wa suruali, hakuna kitu. Funguo, mshale ukatikisika kidogo, nikaziweka pembeni zibaki nyumbani. Mkono wa kulia ukachoka, nikanyoosha wa kushoto kuchukua kisu cha kukunja. Mshale ukageuka wote. Nikasema sawa, kisu nacho kinabaki. Nikachukua ndizi. Mshale ukageuka. Ndizi, Shangazi. Nikasema kimoyomoyo kwamba shangazi yangu amezeeka na dira yake imezeeka naye. Nisamehe kwa hilo.

Ndipo nilipopandisha mkono wa blauzi. Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto kulikuwa na mkanda wa pini. Unaujua, ule wenye kipande cha sumaku kilichofunikwa kitambaa, ili pini zinate mkononi wakati mtu anapinda pindo. Nimeuvaa miaka kumi na tisa. Nauvaa nikifungua duka, nauvua nikifunga, na Kinyozi husema alipooa alikuta mkono wangu tayari una mume. Siusikii tena, kama mtu asivyosikia pua yake.

Mazoezi yetu ni Jumamosi asubuhi, natoka nyumbani moja kwa moja, mkanda uko dukani juu ya cherehani. Ndiyo maana mazoezini sikuwahi kupotea. Lakini siku ile ya mashindano nilikuwa na pindo la gauni la bibi harusi la kumaliza alfajiri. Nilimaliza, nikavuta mkono wa shati, nikakimbilia basi. Dira niliishika kwa mkono wa kushoto siku nzima. Vituo sita vya kwanza vilikuwa kando ya njia, havikuhitaji dira. Cha saba kilikuwa katikati ya miti.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na haikuwa huzuni. Mwaka mzima nilikuwa nimeshaamini kwamba kichwani mwangu kuna kitu kimepungua, kwamba ndivyo uzee unavyoanza. Nilikuwa nimefika mahali nikikata kitambaa cha mtu napima mara nne, kwa kutojiamini. Kumbe kilichonipoteza nilikuwa nimekivaa. Ahsante, Shangazi. Hakuna mtu mwingine ambaye angeniambia nisogeze vitu mezani kimoja kimoja.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mwalimu. Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaacha kucheka akaniomba radhi, na kesho yake chama kizima kilikuwa na habari. Wamepita dukani mmoja mmoja kunipa pole iliyochelewa mwaka. Mwalimu aliniambia, "Sasa umesafishika. Hata usipokwenda, hakuna wa kukunyooshea kidole." Nakuambia ukweli, maneno hayo yalikuwa matamu. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu nimeamua kwamba basi, sina haja ya kwenda, nibaki na pindo zangu na amani na mume wangu.

Lakini nyuma ya barua yako ya tatu, chini kabisa, kulikuwa na mstari ambao nilikuwa nimeusoma na kuuruka kama dimbwi. "Umenieleza dira, ramani, viatu na mvua. Filimbi yako ilikuwa wapi?"

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote waliuliza nilipotelea wapi. Basi nakujibu: filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Kila mshindani hupewa, na hufundishwa kupuliza mara sita, kunyamaza dakika moja, kupuliza tena. Ilining'inia kifuani muda wote. Sikuipuliza. Na kuna zaidi, ambalo mpaka juzi nilikuwa sijamwambia mtu. Washindani wawili walipita karibu yangu, mmoja akaniuliza kama niko salama, nami nikampungia mkono kama mtu aliyekaa kupumzika. Nikawasikia wanaonitafuta wakiita kwa mbali, nikajikausha, nikitumaini nitaona njia mwenyewe kabla hawajanifikia. Nilikuwa naogopa sura zao. Sumaku ilinipeleka kombo kwa saa moja hivi. Saa tatu zilizobaki nilijipoteza kwa aibu.

Kwa hiyo sikuwa nimesafishika, si mbele yangu. Na niliona kwamba nisipokwenda, jambo hilo litabaki pale pale nilipoliacha, juu ya lile gogo. Nikaongeza kitu kimoja kwenye maandalizi ambacho hukukiandika: kupuliza filimbi watu wakisikia.

Juzi Jumatatu, saa kumi alasiri, nilisimama uani nyuma ya duka. Pulizo la kwanza lilitoka kama birika linalokaribia kuchemka. Nikavuta pumzi, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, mara sita. Sikufika hata nusu ya ile dakika ya kunyamaza. Mlango wa pili, ambao ni wa saluni ya mkweo, ulifunguka kwa kishindo, akatoka mbio na mashine ya kunyolea inalia mkononi ingawa waya umechomoka ukutani, maana ile ina betri, na nyuma yake tarishi wa posta, kitambaa cheupe shingoni, nywele za upande mmoja tu.

"Nani amekuumiza?"

Nikamwambia hakuna, najifunza kupuliza. Alizima mashine. Alikuwa anatweta, na amevaa ndala mguu mmoja. Nilidhani atacheka au atakasirika. Akasema polepole, macho yake kwenye filimbi, "Mwaka jana walituambia mkipotea mtapuliza. Nilisimama pale saa nne nikisikiliza hiyo tu. Sikwenda hata kunywa maji, nisije nikaikosa. Ulivyokaa kimya, mama, mimi nilijua nimeshakuzika."

Shangazi, sikujua. Mwaka mzima nilidhani amechoka kunionea aibu. Nikamwambia pale pale, mbele ya tarishi, kwamba filimbi ilikuwa shingoni na niliwasikia wanaita, na kwamba niliona haya. Tarishi akaangalia miguu yake. Mkweo akaishika filimbi, akaigeuza mkononi.

"Ni mara ngapi?" akauliza.

"Sita. Halafu unanyamaza dakika moja."

"Puliza tena. Taratibu, niizoee."

Nikapuliza tena. Akahesabu kwa vidole, akaitikia kwa kichwa, akamrudisha tarishi ndani kumalizia upande wa pili. Usiku wakati wa chakula aliongea habari za mpira. Jana aliongea habari za bei ya wembe. Sikumsukuma. Nilijiambia hata kama hatasimama pale, angalau sasa ananijua nilivyo, nami namjua.

Leo asubuhi nimefika kufungua duka nimekuta ubao umening'inizwa kwenye mlango wa saluni. Huyu ni mtu ambaye hajafunga Jumamosi hata moja tangu tuoane, hata siku aliyong'olewa jino. Ameandika kwa chaki, kwa zile herufi zake kubwa: "KINYOZI HAYUPO IJUMAA HADI JUMAPILI. ATARUDI NA MKE WAKE."

Nisalimie mumeo na umwambie kikohozi hakifichwi. Nisalimie Bibi Mdogo, binamu yangu Mkorofi na watoto wake wote watano, hata yule aliyenivunjia mkasi. Mkweo anakusalimu sana. Nimemwonyesha barua yako ya tatu, pande zote mbili, naye ameomba aitunze yeye. Mungu akupe afya, akuongezee miaka, na mkono ulioniandikia yale maneno usitetemeke kamwe.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukushukuru kutoka moyoni,

Fundi wa Mlango wa Bluu